Cheti cha Ajaili Kinapima Nini Hasa?

Fungua kurasa za nafasi za kazi, utafute nafasi ya meneja mradi katika benki, kampuni ya simu au shirika la misaada, iwe Nairobi, Kampala au Dar es Salaam. Baada ya shahada na miaka ya uzoefu huja mstari wa herufi kubwa: PMP, PSM, CSM, PRINCE2, na siku hizi, "awe na cheti cha ajaili (Agile)". Mwombaji anabaki akijiuliza kipi akitafute na kwa pesa ngapi. Si ajabu mwajiri naye ameinakili orodha hiyo kutoka tangazo la mwenzake.

Vyeti hivi hutajwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali kila kimoja kinapima jambo lake. Njia rahisi ya kuvitofautisha ni kusoma masharti ya kuingia kabla ya kusoma jina. Kipo kinachokutaka ukae darasani, kipo kinachokutaka ushinde mtihani tu, na kipo kinachokutaka uthibitishe miaka ya kazi. Ukishaujua mlango, umejua cheti kinasema nini juu ya aliyenacho, na wapi kinanyamaza.

Kazi inayokaguliwa kila wiki mbili

Kabla ya ajaili, kwa miongo mingi mradi mkubwa wa kompyuta ulijengwa kwa hatua zinazofuatana: mahitaji yote yanaandikwa mwanzoni, mkataba unasainiwa, wataalamu wanajifungia kujenga, kisha mfumo unakabidhiwa mwishoni. Ubaya wake ni kwamba kosa la mwezi wa kwanza huweza kugunduliwa mwaka wa tatu, pesa zikiwa zimekwisha.

Mfano ulioandikwa kwa kina na wakaguzi wa serikali ni wa shirika la upelelezi la Marekani, FBI. Mwaka 2005 lilitupa mradi wa kuhifadhi majalada ya kesi kwa kompyuta, ukiwa umekwisha kumeza takriban dola milioni 170. Machi 2006 likasaini mkataba mpya na kampuni ya Lockheed Martin, wa mfumo ulioitwa Sentinel. Mpango ulikuwa wa awamu 4, ukamilike Desemba 2009 kwa dola milioni 425. Ilipofika Agosti 2010 zilikuwa zimetumika dola milioni 405 kati ya bajeti iliyokwisha kupanda hadi milioni 451, na awamu zilizokabidhiwa zilikuwa 2. Tathmini huru ilikadiria kwamba kuendelea kwa mwendo ule kungehitaji dola nyingine milioni 351 na miaka 6.

FBI ikauchukua mradi mkononi mwake. Wafanyakazi wakapunguzwa sana. Mahitaji yaliyobaki yakaandikwa upya kuwa orodha ya mambo takriban 670 ambayo mtumiaji anataka kuyafanya ndani ya mfumo, yakapangwa kwa umuhimu, na timu ikaanza kufanya kazi kwa vipindi vya wiki 2. Kila kipindi kilipokwisha, kilichojengwa kilionyeshwa mbele ya watu kikifanya kazi. Mambo hayakuwa mteremko. Tarehe ya kumaliza ya mwaka 2011 ilipita, na katika jaribio la Oktoba mwaka huo mfumo ulizimika mara 2, kwa kuwa mitambo ilielemewa na wingi wa watumiaji. Hata hivyo Julai 1, 2012 Sentinel ilianza kutumika katika shirika zima, bila kuivuka ile bajeti ya milioni 451.

Afrika Mashariki tunao mfano wa karibu zaidi. Majaribio ya M-Pesa yaliyoanza Kenya Oktoba 2005 yalilenga kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kupokea na kurejesha mikopo yao kwa simu. Wateja wale wachache wakaanza kuitumia huduma kwa mambo yao wenyewe: kutumiana pesa, na kuiweka pesa kwenye simu wanaposafiri badala ya kuibeba mfukoni. Waliobuni huduma waliyaona hayo, wakalipunguza suala la mikopo, na Machi 2007 M-Pesa ikaingia sokoni kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mpango wa awali ulikuwa halali kabisa, ila watumiaji walionyesha mwingine ulio bora, na wenye mradi wakakubali kuufuata.

Huo ndio moyo wa ajaili: jenga kipande kidogo kinachotumika, kipeleke kwa mtumiaji, sikiliza, kisha amua kipande kinachofuata. Utaratibu unaotumika zaidi katika kuyafanya hayo ni Scrum, uliowasilishwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland katika mkutano wa wataalamu wa programu huko Austin, Texas, mwaka 1995. Mwongozo wao, ambao toleo la sasa ni la 2020, ni wa kurasa zisizofika 15, na hutolewa bure kwenye intaneti. Unataka timu isiyozidi watu 10. Mmiliki wa bidhaa ndiye anayepanga orodha ya kazi kwa umuhimu, Scrum Master anautunza utaratibu na kuondoa vikwazo, na waliobaki ni watendaji wanaojenga. Kazi hugawanywa katika sprinti, yaani vipindi visivyozidi mwezi 1. Kila siku watendaji hukutana kwa dakika 15, na mwisho wa sprinti huwa na vikao viwili: kimoja cha kuikagua bidhaa, kingine cha timu kujikagua yenyewe.

Vyeti vilivyotangulia na vilivyofuata

Februari 2001 wataalamu 17 walikutana Snowbird, kwenye milima ya Utah, Marekani, wakaandika Ilani ya Ajaili yenye tunu 4 na kanuni 12. Mojawapo ya kanuni hizo inaifanya programu inayofanya kazi kuwa kipimo kikuu cha maendeleo. Vyeti na mitihani havikutajwa popote.

Vilikuja haraka. Chama cha Scrum Alliance kilianza kutoa cheti cha CSM kwa aliyehudhuria darasa la siku 2 kwa mkufunzi aliyeidhinishwa. Hadi karibu na mwisho wa 2009, kuhudhuria kulitosha. Mwaka huo mtihani ukaongezwa, na mwaka huohuo Schwaber, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa chama hicho, akajitoa na kuanzisha Scrum.org, ambayo cheti chake cha PSM kinategemea mtihani na si darasa. Tangu hapo Scrum ina vyeti viwili vinavyofanana kwa jina na kutofautiana kwa falsafa.

Upande wa pili wamo wakongwe wa usimamizi wa miradi. Taasisi ya PMI ya Marekani ilianzishwa 1969 na imekuwa ikitoa cheti cha PMP tangu 1984. Awali ilikuwa ngome ya mipango mirefu na chati za ratiba. Mwaka 2011 ikaanzisha cheti chake cha ajaili, PMI-ACP. Januari 2021 mtihani wa PMP wenyewe ukabadilishwa, hata takriban nusu ya maswali yakawa ya ajaili au ya mbinu mseto. Mwisho wa 2024 chama cha Agile Alliance, kilichochipuka kutokana na mkutano wa Snowbird, kikajiunga na PMI. Waingereza nao, wenye PRINCE2 iliyozaliwa katika ofisi za serikali yao, walitoa PRINCE2 Agile mwaka 2015. Kwa hiyo anayedhani PMP ni ya "njia ya zamani" na Scrum ni ya "njia mpya" anaisoma ramani iliyopitwa na wakati.

Mlango wa darasa, wa mtihani na wa uzoefu

Mlango wa darasa ni wa CSM. Lazima usome na mkufunzi anayetambuliwa na Scrum Alliance, ana kwa ana au kwa mtandao. Kisha unafanya mtihani wa maswali 50 kwa dakika 60, na ukipata 37 umefaulu. Ada hupangwa na mkufunzi, hivyo hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Kila baada ya miaka 2 unalipa dola 100 na kuonyesha saa 20 za kujiendeleza, la sivyo cheti kinakufa. Waliosoma vyuo vya dini pwani wataifananisha hali hii na ijaza, ambapo mwalimu ndiye anayemthibitisha mwanafunzi. Ila sheikh hutoa ijaza baada ya kumsikiliza mwanafunzi akikisoma kitabu hadi mwisho, na mkufunzi wa CSM ana siku 2 na darasa zima mbele yake. Faida ya mlango huu ni mazoezi ya pamoja na kuuliza maswali kwa mtu aliyeifanya kazi. Mkufunzi akiwa hodari, darasa linalipa, na akiwa dhaifu umenunua karatasi.

Mlango wa mtihani ni wa PSM I. Hakuna darasa la lazima. Unalipa karibu dola 200, unajifungia na kompyuta yako, unajibu maswali 80 kwa dakika 60, na alama ya kufaulu ni asilimia 85. Maana yake una sekunde 45 kwa kila swali, na ni lazima upate 68. Wengi wanaoingia wakitegemea uzoefu wa ofisini huanguka, maana Scrum ya ofisini kwao siyo iliyoandikwa katika mwongozo. Cheti hiki hakina tarehe ya kuisha wala ada ya kuhuisha. Juu yake ipo PSM II, na PSM III ambayo ndani yake kuna maswali ya kujieleza kwa maandishi. Aliyeshika PSM III amethibitisha mengi kuliko wa PSM I, ingawa kwenye wasifu wa kazi tofauti yao ni mistari miwili midogo tu.

Mlango wa uzoefu ni wa PMP. Mwenye shahada anatakiwa athibitishe miezi 36 ya kuongoza miradi katika miaka 8 iliyopita, na asiye na shahada miezi 60, pamoja na saa 35 za mafunzo. Baadhi ya maombi huchaguliwa kwa ukaguzi, na hapo utatakiwa upeleke uthibitisho kutoka kwa waliokusimamia. Ndipo unafika kwenye mtihani wa maswali 180. Ukifaulu, kila miaka 3 utadaiwa alama 60 za kujiendeleza. PMI-ACP nayo hudai uzoefu wa kufanya kazi katika timu za ajaili kabla ya mtihani wa maswali 120. PRINCE2 ya ngazi ya msingi haidai uzoefu wowote, kwa hiyo hata kama jina lake ni zito, kwa masharti ya kuingia iko karibu zaidi na PSM I kuliko PMP.

Swali moja la mtihani, na ofisi yetu

Tulitazame swali moja kwa karibu. Nimelitunga mwenyewe kwa mtindo wa mitihani hii. Timu iko siku ya nne ya sprinti ya wiki 2. Mkurugenzi wa masoko anamfuata mtengeneza programu mezani na kumtaka aongeze ukurasa wa matangazo ifikapo kesho. Mtengeneza programu afanye nini: aufanye, akatae, amwambie Scrum Master aamue, au ampeleke mkurugenzi kwa mmiliki wa bidhaa?

Jibu ni la nne. Orodha ya kazi ni mali ya mmiliki wa bidhaa, na anayetaka iguswe anapitia kwake. Anaweza kuliweka ombi katika sprinti ijayo. Au anaweza kukubaliana na watendaji walipenyeze sasa, mradi tu lengo la sprinti lisihatarishwe. Mwanafunzi aliyesoma mwongozo mara tatu analijibu ndani ya sekunde 45.

Sasa livue swali hilo nguo za mtihani. Mkurugenzi ana miaka 58, mtengeneza programu ana 26 na mkataba wake unaisha Desemba. Mkurugenzi ameinama juu ya meza: "Kijana, hii kitu naitaka kesho asubuhi, nimeshamwahidi mkubwa." Kijana anasimama, anasema, "Sawa, mzee." Sprinti imeshavunjika, na hakuna aliyeiona ikivunjika. Siku ya kuonyesha kazi, malipo ya wateja yaliyoahidiwa hayafanyi kazi, na lawama inaiangukia ajaili.

Scrum Master anayejua kazi hazuii jambo hilo kwa kusoma kanuni kwa sauti. Anamfuata mkurugenzi ofisini: "Shikamoo mzee. Ombi lako limefika na tunalichukulia kwa uzito. Naomba dakika kumi tukae na dada anayesimamia bidhaa, tuone likiingia sasa kipi kinatoka, ili hata kwa mkubwa uwe na jibu la uhakika." Heshima imebaki pale pale, ombi limeingia kwa mlango wake, na gharama ya kulitimiza imewekwa mezani. Kwa mazingira yetu, ambako mdogo kumkatalia mkubwa mbele za watu ni kuvunja adabu, ustadi huu ndio nusu ya kazi yenyewe. CSM inaweza kukupa fursa ya kuuigiza darasani. PSM I inakuuliza tu kanuni yake. PMP inadhani umeujifunza katika ile miezi 36. Hakuna cheti kati ya hivi kinachokutazama ukiufanya.

Soko limeanza kuuliza maswali

Kwa muda mrefu cheti kilitosha kumpatia mtu kazi ya Scrum Master anayeitisha vikao na kubandika karatasi ukutani. Januari 2023 benki ya Capital One ya Marekani, iliyokuwa ikisifiwa kwa kuikumbatia ajaili, ilifuta nafasi zaidi ya 1,100 za wataalamu wa ajaili, na majukumu yao yakahamishiwa kwa wahandisi na wasimamizi wa bidhaa. Ajaili yenyewe haikufutwa. Iliyofutwa ni kazi ya mtu ambaye ujuzi wake ulianzia na kuishia kwenye ajaili. Funzo kwa kijana wa Kigali au Mwanza ni kwamba cheti hiki hukaa vizuri juu ya fani nyingine: uhandisi wa programu, uchambuzi wa mahitaji, fedha, afya ya jamii, ujenzi. Kikisimama peke yake, hutikisika upesi.

Jambo jingine ni mazingira ya pesa. Miradi mingi ya serikali na wafadhili hapa kwetu huendeshwa kwa bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, kwa zabuni yenye bei moja, na kwa viashiria vilivyoandikwa kabla ya mtu yeyote kukutana na mtumiaji. Meneja hawezi kumwambia mhasibu mkuu kwamba mahitaji yataonekana njiani. Anachoweza ni kuyashika malengo, bei na tarehe kama yalivyo kwenye mkataba, halafu ndani yake aendeshe kazi kwa vipindi vifupi na kuionyesha kwa watumiaji kabla ya malipo ya kila awamu. Hiyo ndiyo mbinu mseto, na ndiyo sababu PMP ya sasa huwafaa wanaofanya kazi za zabuni kuliko cheti cha Scrum pekee.

Nani achukue kipi

Anayeanza, au mwanafunzi wa mwaka wa mwisho chuoni, aanze na mwongozo wa bure wa Scrum na majaribio ya bure yaliyoko Scrum.org. Akipata alama za juu mara kadhaa mfululizo, alipie PSM I. Ni gharama ndogo, haiishi muda, na ugumu wake unaheshimika. Darasa la siku 2 ni vizuri likingoja hadi awe na timu ya kulitumia.

Aliye tayari ndani ya timu, hasa kama mwajiri ndiye anayelipa, atafaidika zaidi na CSM au darasa la PSM lenye mkufunzi mzuri. Kabla ya kulipa amuulize mkufunzi maswali mawili: ameongoza timu zipi, na lini mara ya mwisho. Jina lake pia alitafute kwenye orodha ya wakufunzi ya chama husika. Wanaojiita wakufunzi kwenye makundi ya WhatsApp ni wengi kuliko waliomo katika orodha hizo.

Mwenye miaka mitatu au zaidi ya kuongoza miradi aelekee PMP, na aanze leo kuandika kumbukumbu: jina la mradi, tarehe, wajibu wake, na aliyemsimamia. Maombi mengi hukwama kwa sababu bosi wa zamani amehama na hapatikani. Anayelenga mashirika ya Kiingereza au ya Umoja wa Mataifa aangalie kwanza matangazo ya waajiri anaowataka, maana huko PRINCE2 hutajwa mara nyingi.

Na kwa wote: wanaouza maswali "yaliyovuja" wanauza hasara. Vyama hivi hubadilisha maswali, hufuta vyeti vya waliodanganya, na zaidi ya hayo anayefaulu kwa kukariri ataumbuka wiki ya kwanza kazini.

Kwa mwajiri

Mwajiri anayo kazi ndogo ambayo wengi huiruka. Vyama vyote hivi vina njia ya kuthibitisha cheti mtandaoni kwa jina la mwenye nacho. Ni kazi ya dakika chache, na ifanyike kabla ya kumwita mtu kwenye usaili.

Ndani ya chumba cha usaili, maswali ya mwongozo yawekwe kando, maana mtihani umeshayauliza. Amwombe mwombaji aeleze mara moja ambapo mkubwa aliingilia kazi katikati ya kipindi: nani alikuja, alitaka nini, kipi kilitolewa ili hicho kiingie, na watumiaji walisema nini baadaye. Aliyeifanya kazi atakumbuka majina ya vitu, tarehe iliyokosekana na mtu aliyekasirika. Ambaye hajaifanya ataanza kueleza majukumu ya mmiliki wa bidhaa kama yalivyoandikwa. Jibu la swali hilo lipewe nafasi yake kwenye fomu ya alama, na alama zake zizidi zile za cheti.